Sentimita na Gari la Siku Tisa

Kibanda cha kushonea kilicho mkabala na kwa kinyozi kina kufuli mwaka wa pili sasa, na mtaa mzima umegundua kwamba cherehani ina sauti. Ilipokuwepo hakuna aliyeisikia. Ilikuwa kama pumzi za mtu aliyelala chumba cha pili, huzikumbuki mpaka zikatike. Siku hizi kila apitaye pale hupunguza mwendo, hulitazama kufuli, hutikisa kichwa na kusema, "Ah, yule bwana alikuwa fundi." Alipokuwepo hawakusema hivyo. Alipokuwepo walikuwa wakiulizia suruali zao.

Tulimwita Sentimita. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Kazi yake ilikuwa safi, hilo hata maadui wake walikubali. Tatizo lilikuwa kuipata. "Njoo Ijumaa," alikuwa akisema, bila kutaja ni Ijumaa ya mwaka gani. Kinyozi wa mkabala, ambaye kazi yake halisi ilikuwa kumchunguza Sentimita na kunyoa kulikuwa kwa kupitishia muda, aliwashauri wateja wapya hivi: "Ukimpelekea kitambaa, mwambie akupime saizi yako ya uzeeni."

Ucheleweshaji huo ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na magurudumu manne.

Miaka kumi na tatu iliyopita, daktari wa meno aliyekuwa akijiandaa kuhama nchi alimletea gari la spoti ili alishonee paa. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, lenye paa la turubai la kukunja, na fupi kiasi kwamba mbuzi angeweza kulitazama machoni. Tayari lilikuwa na umri wa mtu mzima mwenye watoto. Sentimita alikaa na lile paa wiki mbili, akalishona kwa mkono, mshono mara mbili, na kabla hajakata uzi alikuwa ameshapenda. Daktari wa meno, ambaye alikuwa na haraka ya kuondoka na pengine alijua jambo ambalo sisi hatukulijua, aliliuza kwa bei ambayo ingepaswa kumshtua mtu mwenye akili timamu.

Gari lilitembea siku tisa. Hizo siku tisa nazikumbuka, maana Sentimita aliizunguka mitaa yetu kama mkuu wa nchi anayekagua gwaride, mkewe pembeni, kitambaa kichwani kikipepea, naye akicheka kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake kabla ya hapo. Siku ya tisa gea ya pili ilikufa. Ya kurudi nyuma ikaifuata jioni yake. Gari lisilorudi nyuma linafaa kwa mtu asiyekosea njia, na huyo hajazaliwa.

Sasa, giaboksi ya gari lile huitoi peke yake. Lazima injini itoke nayo, zikiongozana kama bibi harusi na mashangazi zake. Sentimita alinunua kitabu cha mwongozo, akakisoma kama anayesomea upadre, akazitoa zote mbili kwa siku tatu. Kila bolti aliipa namba. Alishona kitambaa kirefu chenye mifuko midogo mia moja na kumi na miwili, kila mfuko namba yake imedariziwa kwa uzi mwekundu, na kila bolti ikaingia mfukoni mwake. Sijawahi kuona gari lililofumuliwa kwa heshima namna ile. Kulirudisha ndiko kulikochukua miaka kumi na moja.

Injini aliiweka sebuleni. Uani, alieleza, kuna unyevu, na barazani kuna majirani. Ilikaa kati ya kochi na kabati la vyombo, juu ya fremu ya mbao, na ili isishikwe na vumbi aliishonea koti: kitambaa kizito cha kijivu, bitana ndani, vifungo vya mfupa. Koti lilipochakaa aliishonea jingine. Mkewe kwa miaka hiyo alivaa magauni ya mtumba. Mganga hajigangi, watu walisema, wakijifanya wamemaliza maneno. Lakini huyu mganga alikuwa akiganga vizuri tu, ila mgonjwa wake alikuwa na silinda nne.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea aliyestaafu, na sauti ya darasani haikumtoka. "Haya, na leo tunaosha nini kwenye sufuria ya mama?" alikuwa akiuliza akimkuta mumewe anasugua vipuri kwa mafuta ya taa. Naye angejibu, kama mtoto, "Gea ya tatu." Walikuwa wakiishi hivyo, na wengi wetu tulidhani ni utani. Mtu akivumilia kwa muda mrefu, majirani humwona kama aliyezaliwa hivyo.

Kisha mkewe akalazwa hospitali, akatolewa kidole tumbo. Siku tano. Siku ya sita alirudi nyumbani kwa miguu ya polepole, mkono ubavuni, akamkuta mumewe amelala kifudifudi chini ya meza na tochi mdomoni. Sentimita alimsikia akiingia. Akaitoa tochi mdomoni na kusema:

"Mama, wewe ndiye uliyefagia hapa mara ya mwisho? Bolti ya kumi na saba siioni."

Pole aliikumbuka baada ya kama dakika kumi. Alipoikumbuka aliisema vizuri sana, na mara nyingi. Lakini mkewe alikuwa ameshalitazama sanduku lililokuwa juu ya kabati.

Wiki ilipokwisha na mshono ukashika, alilishusha.

"Naenda kwa dada," alisema. "Siku gari lako litakapokuja kunichukua, nitarudi. Kwa basi sirudi. Wazee wa suluhu nao wasijisumbue, nitawapa chai waondoke."

"Litakuja, mama."

"Lini?"

"Mwaka huu huu."

"Haya," mkewe alisema, na ndipo akamchoma kwa kisu chake mwenyewe. "Njoo Ijumaa."

Dada yake alikuwa akiishi mwendo wa saa tatu kutoka kwetu. Sentimita alipiga simu kila Jumapili, na kinyozi, ambaye alikuwa na masikio mazuri kuliko mikono, alitusimulia mazungumzo yenyewe. Yalikuwa mafupi.

"Limewaka?"

"Bado, mama."

"Basi salamu."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, Sentimita alianza kufanya haraka. Ilikuwa ajabu kuitazama, kama kumwona konokono akikimbilia treni. Giaboksi ya zamani haikuwa na vipuri popote, basi akazunguka kwenye mayadi ya vyuma chakavu mpaka akapata nyingine, ya gea tano, iliyotolewa kwenye pikapu ya kampuni ileile. Mashimo ya bolti yalilingana karibu yote. Machache yaliyokataa aliyasuluhisha kwa bamba la chuma alilochongewa na fundi kereza wa barabara ya chini. Alibadilisha sahani ya klachi, akabadilisha sili, akaipaka injini rangi. Bolti ya kumi na saba, kwa wale watakaotaka kujua, ilikuwa mfukoni mwa shati lake la kazi. Ilikuwepo siku zote.

Siku ya kuirudisha injini haitasahaulika mtaani, hasa na yule mteja wa kinyozi ambaye alikuja kunyolewa tu. Ilibidi injini itoke sebuleni, na injini na giaboksi vikishaungana huwa na urefu wa mtu mzima na uzito wa watu watatu wasiopatana. Waliiburuza juu ya zulia la mkewe. Zulia halikupona. Uani, Sentimita alikuwa amefunga winchi ya mnyororo kwenye boriti nene, na gari limepandishwa mbele kwa mawe.

"Njooni mnisaidie dakika moja!" alipaza sauti.

Kinyozi alivuka barabara na mkasi mkononi, na mteja nyuma yake, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Dakika moja?" mteja aliuliza.

"Moja ya kwake," kinyozi alisema. "Kaa ukijua."

Injini ikapanda, ikining'inia na kuyumba kama jino lililong'olewa. Mkia wa giaboksi ulitakiwa kuinama kwanza, upite chini ya ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, kisha mwili uufuate.

"Kushoto! Isukume kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa gari!"

"Gari limelala chali moyoni mwako, mzee, mimi nitajuaje kushoto kwake?"

"Shusha! Shusha kidogo. Kidogo nimesema! Hujui kidogo ni nini?"

"Najua," mteja alisema, akishika shuka lisinase. "Kidogo ndicho kilichobaki kwenye nywele zangu."

Ilikwama mara nne. Mara ya tano Sentimita aliingia chini, akailaza mikono kwenye ule mkia wa chuma, akaanza kuusemesha kwa sauti ya chini, na hapo hakuna aliyecheka, hata kinyozi. Injini ikateleza ikaingia mahali pake, na bolti mbili ndefu za pande zote mbili zikapita kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Mteja alirudi kitini saa tatu baadaye. Nusu ya pili ya kichwa, alituapia, ilinyolewa na mtu ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Ikabaki propela, ule mhimili wa chuma unaotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, kwa hiyo propela ilibidi ikatwe. Sentimita alilala chali chini ya gari, akapima mara tatu kwa futi yake ya shingoni, akaandika namba kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, akampelekea fundi kereza.

Fundi kereza alikuwa mtu wa maneno machache, na kidole kimoja pungufu ambacho kilikuwa kimemfundisha hayo maneno machache.

"Nani kapima?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa futi ya nguo?"

"Sentimita ni sentimita, bwana. Hii futi imepima mabwana harusi mia mbili."

"Na wangapi bado wameoana?"

Fundi kereza alikitazama kile kitambaa.

"Nikate hapahapa? Chuma si pazia."

"Hapohapo. Usinipunguzie hata uzi mmoja."

Propela ilipoletwa iliingia kwa shida. Ilibidi aisukume difu ya magurudumu ya nyuma irudi kidogo kwa nondo ili ncha zote zishike. Mtu mwingine angejiuliza. Sentimita alitoka chini ya gari akijipangusa, akatabasamu, akasema imekaa barabara, kama koti linalobana mabegani wakati wa kujaribisha. "Nguo nzuri hubana kwanza," alisema. Kinyozi aliuliza kama magari nayo hulegea yakishafuliwa.

Injini iliwaka asubuhi ya Jumamosi, mara ya kumi na mbili ya kujaribu. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu uliowafukuza watu barazani, kisha ikatulia, ikaanza kuunguruma kwa ile sauti nzito na nyororo ambayo baadhi yetu tulikuwa tumeisahau. Sentimita aliketi ndani, mikono kwenye usukani, bila kwenda popote. Alikaa hivyo muda mrefu. Nadhani alikuwa anaogopa. Miaka kumi na moja alikuwa na sababu ya kutofika. Sasa sababu ilikuwa inaunguruma chini ya miguu yake na ilikuwa na gea tano.

Kesho yake hakupiga simu. Alivaa suti, ya kwake mwenyewe, ambayo nayo ilichelewa miaka sita, akaondoka. Mtaa ulijipanga kandokando. "Ukifika salama tupigie," kinyozi alimwambia. "Usipofika, tupigie pia, tunataka kujua ni wapi."

Yaliyofuata tumeyapata kutoka kwa shemeji yake, dada wa mkewe, ambaye husimulia bila kuombwa.

Safari ya saa tatu ilichukua saa tano, kwa kuwa kila tuta Sentimita alilipanda kama anayepita juu ya mtoto aliyelala. Alipiga honi getini saa saba mchana. Shemeji ndiye aliyetoka kwanza, akalitazama gari kutoka juu, maana hakuna namna nyingine ya kulitazama.

"Shemeji, karibu. Na ile nusu nyingine inakuja kesho?"

"Hili ndilo lote, shemeji."

Mkewe alitokea mlangoni. Alilizunguka gari mara moja, taratibu, akagusa paa la turubai pale kwenye mshono mara mbili, akarudi ndani. Sentimita alibaki amesimama na futi yake shingoni juu ya tai. Shemeji alikuja kuniambia kwamba mtu huyo alikuwa amekuwa mdogo kiasi kwamba ungeweza kumkunja ukamweka mfukoni. Kisha mkewe akatoka na sanduku.

"Limefungwa lini hilo?" Sentimita aliuliza.

"Muulize huyu," mkewe alisema.

"Wiki ya tatu tangu aje," shemeji alisema. "Anatoa gauni akivaa, anarudisha. Tumelichoka."

Wakalifunga sanduku nyuma kwa kamba. Mkewe akaingia, akajikunja, akafunga kitambaa kichwani. Sentimita akatia gea ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kama hariri, na shemeji anasema alimsikia dada yake akicheka. Mwisho wa barabara ile kuna tuta. Sentimita alilipanda taratibu kama alivyoyapanda yote.

Mlio, anasema, ulikuwa kama wa mlango wa chuma uliofungwa kwa teke.

Sentimita alitoka, akalala chini ya gari na suti yake. Mafuta ya giaboksi yalikuwa yanamwagika kwenye lami. Alikaa huko mpaka mkewe akainama.

"Ni nini?"

"Propela," sauti ilitoka chini. "Imeingia ndani yote. Imeusukuma mkia wa giaboksi mpaka umepasuka."

"Kwa nini?"

"Ni ndefu."

"Ndefu kiasi gani?"

Viatu vya Sentimita vilijivuta ndani zaidi chini ya gari.

"Baba. Kiasi gani?"

"Sentimita tatu."

Mkewe alinyooka. Alikuwa ameishi na fundi cherehani miaka thelathini na mbili, na kuna hesabu ambazo mke wa fundi cherehani hahitaji kuziandika.

"Usiniambie," alisema, "uliacha akiba ya pindo."

Kisha, taratibu sana: "Mkono wenyewe tu, mama. Mkono umezoea."

Suruali unaiachia sentimita tatu za kukunja, kwa kuwa kirefu hupunguzwa lakini kifupi hakiongezwi. Ni busara, na imewaokoa mabwana harusi wengi. Fundi akiwa peke yake ndani ya gari, gari lilikaa juu na hizo sentimita tatu zilipata pa kupumulia. Mkewe na sanduku lake walipoingia, gari likaketi, propela ikasogea mbele, na tuta likakamilisha.

Mkewe alicheka mpaka akaegemea boneti, mkono ubavuni pale penye kovu. Sentimita hakujua kama nacho ni kicheko cha siku tisa au cha mwisho wa kila kitu, kwa hiyo alibaki chini ya gari, mahali anapopafahamu.

Majirani wa huko walilisukuma mpaka kwa shemeji. Sentimita akaifungua propela akaifunga kwenye gazeti. "Nitapanda basi sasa hivi," alisema. "Fundi kereza ataikata kesho. Mkia nitautafutia. Wiki mbili, mama, haizidi."

"Mbona haraka," shemeji alisema. "Kwanza tujue. Masharti yalikuwa gari lije kumchukua. Limekuja, halikumchukua."

"Limenichukua," mkewe alisema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka tutani." Akakaa juu ya sanduku lake katikati ya ua. "Nimeshamrudia kiasi hicho, mita mia moja na hamsini. Safari iliyobaki aje yeye, ahamie hapa."

Sentimita alisimama na chuma chake kwenye gazeti. Shemeji anaapa kwamba hakufikiri sana, na sisi tunaomjua tumelikataa jambo hilo kabisa, lakini yeye ndiye aliyekuwepo.

"Na injini?" aliuliza.

"Italala nje."

"Na koti lake?"

"Nalo litalala nje."

Akaiweka propela chini.

Kinyozi ndiye aliyempelekea cherehani kwa basi, pamoja na vile vitambaa vya wateja alivyokuwa hajavishona. Sentimita alivirudisha vyote mwezi uliofuata, vimekunjwa vizuri, bila kukatwa, na kila kimoja kimebandikwa vipimo vya mwenyewe. Wengine wamekuta vipimo haviwatoshi tena.

Leo Sentimita anaishi na mkewe katika vyumba viwili vya uani kwa shemeji yake, na anashona sare za shule.